Chama kwa Herufi Kubwa

Neno "chama" katika Kiswahili ni neno lenye ukoo mpana. Wakulima wanaopima mazao yao katika mzani mmoja ni chama. Wanawake wanaochangiana pindi mmoja wao afiwapo ni chama. Wacheza ngoma wenye sare na viongozi wao ni chama. Na wale wanaoshindania madaraka ya nchi nao ni chama. Lugha nyingine humpa kila mmoja wa ndugu hawa jina lake. Kiswahili kimewaweka wote chini ya paa moja, kana kwamba kimetaka kutukumbusha kuwa asili yao ni moja: watu kukutana kwa hiari, kuwekeana masharti, na kudaiana hesabu.

Mwaka 1965 Katiba ya muda ilipoifanya TANU kuwa chama pekee cha siasa Tanzania Bara, na ASP ikibaki kuwa chama pekee Zanzibar, neno hilo lilianza kuchukua sura mpya. Mwaka 1975 Katiba ikarekebishwa, ukuu wa chama ukawa jambo la kisheria. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP zikaungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Tangu hapo "Chama" likawa neno la herufi kubwa. Mtu aliposema kuwa Chama kimeamua, hakuna aliyemwuliza ni chama kipi. Makala haya yanafuatilia yaliyovifika vyama vya herufi ndogo katika zama hizo, kwa kuitazama nchi ya Wahaya, yaani Bukoba na Muleba, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Sehemu hii inafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mbili. Vyama vyake vilitangulia TANU kwa kizazi kizima. Na vilikuwa na fedha, kwa kuwa vilisimama juu ya kahawa.

Kabla kahawa haijawa fedha, ilikuwa ada. Wahaya waliichemsha buni mbichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa kama vile wa pwani anavyokaribishwa kwa tambuu. Katika omukago, yaani udugu wa kuchanjiana, marafiki wawili walipeana buni zilizotiwa tone la damu, na tangu hapo kila mmoja alikuwa na haki juu ya mwenzake ambayo hakuna mtawala aliyeweza kuifuta. Lakini tunda hilohilo lilikuwa pia alama ya enzi. Katika zama za bakama wa Kiziba, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro na tawala nyinginezo, kupanda mbuni hakukuwa jambo la kila mtu apendavyo. Kwa hiyo tangu mwanzo kahawa ilikuwa na mikono miwili iliyoishika: mkono wa watu waliofunga undugu, na mkono wa mtawala aliyetaka kujua nani amepanda nini.

Ukoloni uliongeza mkono wa tatu, ule wa mfanyabiashara. Kahawa ilipokuwa zao la kuuzwa ng'ambo, Bukoba ilipata fedha, shule na makarani mapema kuliko sehemu nyingi za Tanganyika. Ni makarani hao na wakulima wenye kusoma walioanzisha Umoja wa Wahaya mwaka 1924, Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki wakiwa miongoni mwa waanzilishi, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu. Mwaka 1936 kikafuata chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, nacho kiliwahusisha watu kama Herbert Rugizibwa na huyohuyo Kiiza. Shabaha yake ilikuwa wazi: mkulima auze bila kupitia kwa mnunuzi wa kati aliyekuwa akijipangia bei.

Serikali ya Mwingereza haikupendezwa. Mwaka 1937, ilipotolewa amri ya namna ya kuitunza mibuni ili kuzuia wadudu, wakulima waliiona amri hiyo kuwa njia ya kuingiliwa katika vibanja vyao. Kukawa na maandamano na ghasia, viongozi wakafungwa, chama kikadhoofika. Lakini serikali hiyohiyo iliyokivunja chama cha wakulima ndiyo iliyokuja kukubali kuwa kahawa haiwezi kukusanywa bila chama. Ikaunda Bodi ya Kahawa ya Wenyeji wa Bukoba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1950 kikaandikishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Bukoba, kilichojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, BNCU. Hapo pana funzo la kwanza la historia hii: dola huogopa chama cha watu, na papo hapo hukihitaji.

Ushirika huo haukuwa ofisi iliyoko mjini tu. Uhai wake ulikuwa katika chama cha msingi kule kijijini, pale penye ghala, mzani na karani. Mkulima alileta gunia lake, likapimwa mbele ya macho yake, akapewa stakabadhi na malipo ya kwanza. Kahawa ilipokwisha kuuzwa na gharama kukatwa, alirudi kuchukua malipo ya pili. Katika mkutano wa mwaka wanachama walisomewa mapato na matumizi, wakachagua kamati, na wakati mwingine wakaikataa. Aliyesimama kuuliza kwa nini gunia lake lilipungua uzito njiani hakuwa mwanasiasa, wala hakudhani kuwa anafanya siasa. Lakini hapo ndipo watu walipojifunza jambo ambalo hakuna hotuba inayoweza kulifundisha: kwamba mwenye kushika mali ya wengi ana deni la maelezo.

Chama cha siasa kilipoingia Bukoba kilikuta uwanja umekwisha kulimwa. Mwaka 1953, kabla TANU haijazaliwa, mkutano wa Ali Migeyo huko Kamachumu, ambako leo ni wilaya ya Muleba, ulitawanywa kwa mabomu ya machozi na yeye akatiwa gerezani. Kisa kilikuwa amri ya serikali kuhusu wadudu wa migomba. Ilikuwa tena habari ya shamba, kama mwaka 1937. Mtu wa Buhaya alimkabili Mkoloni kwanza akiwa mkulima. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilijengwa juu ya watu hao, majina hayo na njia hizo za mikutano. Na ushirika ulipotakiwa kutoa watu wake kwa ajili ya taifa, ulitoa. George Kahama alikuwa meneja mkuu wa BNCU kabla hajaingia katika Baraza la Kutunga Sheria na kisha kuwa waziri. Miongoni mwa dhamana zake za mwanzo serikalini ilikuwa ni hiyohiyo ya ushirika.

Kwa hiyo, uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, hapakuwa na mtu Bukoba aliyeona mpaka baina ya chama cha wakulima na chama cha siasa. Mtu mmoja alikuwa mwanachama wa vyote viwili, tena kwa fahari. Hapa ndipo wengi wanaoandika habari za zama za chama kimoja wanapokosea, wakidhani kuwa dola ilikuja na rungu mkononi ikawakuta watu wamejipanga kuipinga. Haikuwa hivyo. Vyama vya watu viliifungulia dola mlango, vikaikaribisha ndani, na mlango ukafungwa baadaye kwa upole.

Haki inataka kusemwa pia kuwa dola hiyo ilitenda mambo ambayo vyama vya Bukoba visingeyatenda vyenyewe. Chini ya utaratibu wa nyarubanja, maelfu ya wapangaji walikaa katika vibanja ambavyo mwenyewe alikuwa mtu mwingine, aghalabu wa jamaa za watawala na wapambe wao, nao wakawa wanamtolea mwenye ardhi sehemu ya jasho lao. Waliokaa mbele katika mikutano ya ushirika, wenye mibuni mingi na maneno mengi, hawakuwa na haraka ya kuliondoa jambo hilo. Ni sheria ya mwaka 1965, na nyongeza yake ya mwaka 1968, zilizompa mpangaji wa Ihangiro na Kianja kibanja chake. Utawala wa machifu ulikuwa umekwisha kufutwa mwaka 1963. Kwa mpangaji yule, serikali ya TANU haikuwa dhana ya kitabuni. Ilikuwa ndiyo iliyomwambia kuwa migomba aliyoipanda babu yake sasa ni yake.

Wala ushirika wenyewe haukuwa na mikono safi. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini kote, na kamati hiyo ikakuta wizi, upendeleo wa ndugu, makarani wasiojua hesabu na viongozi wanaojua hesabu kupita kiasi. Ila dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwapa wanachama nguvu zaidi ya kuwadai viongozi wao. Ya pili ilikuwa kuwapunguzia wanachama mamlaka na kuyapeleka juu, kwa wasajili, maofisa na makatibu. Katika miaka iliyofuata dola ilielekea kwenye dawa ya pili, na si kwa ushirika peke yake.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilikuwa limekwisha kuvunjwa mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, na mahali pake ikawekwa NUTA iliyofungamana na TANU. Mwaka 1968 ukazuka mgogoro katika Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS. Bukoba ndiko kulikotoka tangazo la mwanzo la kujitoa, kwa kinywa cha katibu wa mkoa, Adam Nasibu, na mikoa mingine ikafuata. Mwezi Desemba mwaka huohuo mkutano wa Iringa ulizaa BAKWATA na serikali ikaipiga marufuku EAMWS. Wako wanaoyasimulia hayo kuwa ni Waislamu wa Bara kujitwalia mambo yao wenyewe. Wako wanaoyasimulia kuwa ni mkono wa dola uliovaa kanzu. Lililo dhahiri kwa pande zote mbili ni kuwa jumuiya iliyovuka mipaka iliondoka, na iliyobaki ilikuwa moja, ya kitaifa, na karibu na serikali. Mwaka 1969 TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho vijiji vyake viliuishi ujamaa kwa hiari kabla ya Azimio la Arusha. Kosa lake hasa lilikuwa kuuishi ujamaa huo bila kungoja kuelekezwa.

Makanisa nayo yaliguswa, lakini kwa namna yake. Sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na kwa Bukoba, ambako Wakatoliki na Walutheri walikuwa wameshindana kujenga shule kwa zaidi ya nusu karne, hilo lilikuwa jambo zito. Hospitali hazikuchukuliwa. Ndolage ya Walutheri na Rubya ya Wakatoliki, zote mbili katika Muleba ya leo, ziliendelea, na Rubya ikaja kuwa hospitali teule ya wilaya. Mantiki yake haijifichi. Shule hufundisha watu kufikiri na kuchagua. Hospitali huwatibu tu. Dola iliushika ule mlango unaotokea kwenye fikra, ikawaachia wengine ule unaotokea kwenye maumivu. Mgawanyo huu tutaukuta tena mbele.

Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa "madaraka mikoani", halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu ziliondolewa. Mwaka 1975 sheria ya vijiji ikatamka kuwa kila kijiji kilichoandikishwa ni chama cha ushirika chenye shughuli nyingi. Kwa maandishi, ushirika ulikuwa umeenea nchi nzima kuliko wakati wowote. Kisha, mwezi Mei mwaka 1976, serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika vyote, kile cha Bukoba kikiwa mojawapo. Magari, maghala na maduka yao yakaenda kwa mamlaka za mazao na mashirika ya umma. Mwaka 1977 Mamlaka ya Kahawa ikachukua kazi ya kununua.

Wakati wenyewe unastahili kuangaliwa. Mwezi Julai 1975 baridi kali ilikuwa imeiunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ilikuwa ikipanda kuelekea kilele chake cha mwaka 1977, bei ambayo wakulima wa kizazi kile hawakuwa wamepata kuiona. Yaani, mwaka uleule ambao kahawa ya Bukoba ingeleta fedha kuliko wakati wowote, mkulima alinyang'anywa chombo ambacho kwacho angeuliza fedha hizo zimekwenda wapi. Hapana haja ya kudai kuwa hiyo ndiyo ilikuwa nia. Inatosha kuona kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo.

Kule ghalani mambo yalionekana kama hayakubadilika. Mzani ulikuwa palepale, gunia ni lilelile, pengine karani pia. Lakini karani yule sasa alikuwa mtumishi wa mamlaka, wala hakuajiriwa na waliosimama mbele yake. Gunia likipungua, hapakuwa na mkutano wa mwaka wa kuulizia. Malipo yakichelewa, sababu ilikuwa mbali, Moshi au Dar es Salaam. Palikuwa na mkutano wa kijiji, na palikuwa na balozi wa nyumba kumi. Lakini mkutano ule uliitishwa na Chama kwa herufi kubwa, ambacho ndicho kilichokuwa kikiulizwa. Mshtakiwa alikuwa mwenye baraza.

Msomaji wa Unguja na Pemba hatahitaji kufafanuliwa zaidi. Visiwani, mnunuzi pekee wa karafuu alikuwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar tangu lilipoundwa mwaka 1968, na jumuiya nyingi za watu zilikuwa zimekwisha kunyamazishwa tangu Mapinduzi ya mwaka 1964. Mchumaji wa Wete na mvunaji wa Kamachumu, wasiojuana kwa lugha ya nyumbani wala kwa chakula, walisimama mbele ya mzani wa aina moja. Na walilijibu jambo hilo kwa njia moja pia: zao lilitafuta njia ya usiku. Karafuu ilivuka kwa jahazi kwenda Kenya. Kahawa ilivuka mpaka kwenda Uganda kila bei ya upande ule ilipokuwa na afadhali.

Mwanazuoni Goran Hyden, ambaye kitabu chake cha mwaka 1968, "TANU Yajenga Nchi", kilitokana na utafiti wake nchini mwa Wahaya, aliandika mwaka 1980 kuwa mkulima mdogo wa Tanzania hakuwa ametekwa na dola. Ana ardhi yake na ndizi zake. Akikasirishwa huiacha kahawa iote majani, akarudi kwenye mgomba, na serikali haina la kumfanya. Uchunguzi huo una ukweli mwingi. Hata hivyo, unaweza kumfanya msomaji adhani kuwa kujiondoa ni uhuru. Mkulima wa mwaka 1937 aliandamana, akafungwa, na serikali ikamjua anataka nini. Mkulima wa mwaka 1980 aliliacha shamba likaingia msitu, au alibeba gunia usiku. Serikali ilipata hasara, lakini haikupata hoja. Naye mkulima alinusuru kahawa yake akapoteza sauti yake. Watu wakizoea kujibu kwa kukwepa, hata siku wanapoulizwa kwa wema huwa wamesahau namna ya kusema.

Kulikuwa na vyama ambavyo havikuvunjwa. Hivyo havikuwa na muhuri, wala ghala, wala akaunti ya benki. Mali yao yote ilikuwa daftari. Katika vijiji vya Buhaya, msiba hauachwi kwa mwenye msiba. Vikundi vya kuzikana hukusanya fedha, ndizi, maharage na kuni; wanachama huteka maji, hupika, hulala na wafiwa; asiyefika bila udhuru hutozwa faini, na yote huandikwa. Watafiti waliokiorodhesha kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, mwaka 2000, walikuta kaya 119 tu, na ndani yake vikundi vingi vya kusaidiana, vingi mno kwa udogo wa kijiji, vyenye kanuni zake na michango yake. Kaya moja ilikuwa katika kadhaa kwa pamoja. Vikundi kama hivyo havikuguswa na amri ya mwaka 1976. Balozi wa nyumba kumi mwenyewe alikuwa mwanachama, kwani hata balozi hufa, na jeneza halibebwi na kadi.

Uimara wa mfumo huo ulipimwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera na daraja la Kyaka likabomolewa. Maelfu ya watu walikimbilia kusini. Taifa lilihamasishwa, na dola ya chama kimoja ilionyesha hapo nguvu yake kubwa kabisa: magari, vijana, chakula na moyo vilikusanywa, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto ule. Hayo ni ya kuandikwa kwa heshima. Lakini aliyempokea mkimbizi usiku wa kwanza, akamwonyesha pa kulala na mahali pa kuchuma mkungu, alikuwa jirani wa kijiji asichokijua.

Mara ya pili hapakuwa na adui wa kupigwa mizinga. Mwaka 1983 wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu. Ndani ya miaka michache vibanja vikawa na makaburi mapya penye migomba, na vikundi vya kuzikana vilivyozoea msiba mmoja kwa kipindi vikaandika misiba mfululizo. Dola ilikuwa katika ufukara wa miaka ya 1980, ikipunguza matumizi kwa masharti ya wakopeshaji, wala haikuweza kubeba mzigo huo peke yake. Hapo ndipo vyama vya herufi ndogo vilipoanza kuonekana tena hadharani. WAMATA, chama cha walio katika mapambano na ugonjwa huo, kiliundwa mwaka 1989. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri iliunda HUYAWA, Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima. Hayo yalifanyika sheria ya chama kimoja ingali hai. Mfumo wa vyama vingi ulikuja mwaka 1992. Lakini Bukoba, watu kujikusanya bila kuitishwa kulirudi kwanza kupitia kitanda cha mgonjwa. Ni ule mgawanyo tuliouona katika shule na hospitali: watu waliruhusiwa kuuguza kabla hawajaruhusiwa kuhoji.

Ushirika wenyewe ulikuwa umekwisha kurudishwa. Sheria ya mwaka 1982 iliufufua, pamoja na serikali za mitaa, na katika kipindi hichohicho Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kuwa kuziondoa serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika yalikuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia lau angeanza upya. Ungamo la aina hiyo kwa mtawala aliye bado madarakani ni tunu. Hata hivyo, ushirika uliorudi ulirudi ukiwa umeshikwa mkono. Jumuiya ya Washirika ilikuwa mojawapo ya jumuiya za CCM, na vyama vikuu vilianzishwa kwa maagizo kama vilivyovunjwa kwa maagizo. Ni sheria ya mwaka 1991 iliyotamka kuwa ushirika ni wa hiari na ni wa wanachama. Chama Kikuu cha Ushirika Kagera, kwa jina lake la kisheria KCU (1990), kikajipanga upya. Karagwe wakawa na chao, KDCU.

Miaka iliyofuata haikuwa ya fedheha. Biashara ya kahawa iliachwa huru katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaingia na fedha taslimu, na KCU ikasimama kwa kuiuza sehemu ya kahawa yake moja kwa moja Ulaya katika mpango wa biashara ya haki, na kwa kuwa na hisa katika kiwanda cha TANICA mjini Bukoba. Lakini lile zoea la mkutano wa mwaka, la mkulima kusimama na kudai maelezo bila kutetemeka, halikurudi kwa kasi ya sheria. Kizazi kilichokuwa kijana mwaka 1976 kilikuwa kimefikia makamo bila kuwahi kuipigia kura kamati ya ushirika. Kwao ushirika ulikuwa idara nyingine ya serikali. Na mwaka 2018 serikali ilipoagiza kuwa kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya ushirika, wako walioshukuru kwa kukomeshwa wanunuzi wa kahawa ya maua, wanaomlipa maskini kabla hajavuna ili wamnyonye. Na wako waliokumbuka kuwa chama ambacho mtu hawezi kutoka hakitofautiani sana na mamlaka.

Ni kosa kuisoma historia hii kama kesi ya mwema na mwovu. Dola ya chama kimoja ilimpa mpangaji wa nyarubanja ardhi, ikaulinda mpaka, ikawafundisha watu wazima kusoma. Vyama vya watu navyo vilikuwa na wezi wao na mabwana wao. Kilichopotea kati ya mwaka 1965 na 1992 ni kitu chembamba kuliko ardhi au fedha, nacho ni chombo cha katikati, kikubwa kuliko daftari la msiba na kidogo kuliko taifa, ambamo mkulima wa Muleba angeweza kugombana na kiongozi wake asubuhi na kumwuzia kahawa jioni. Pasipo chombo hicho, watu hubaki na njia mbili tu: kuzikana wao kwa wao, au kuipigia makofi serikali. Njia zote mbili Bukoba ilizijua vema.

Leo Kiswahili kimepata jina jipya, "asasi za kiraia", na jina hilo limeletewa ofisi, mihuri na wafadhili. Ni jina zuri. Lakini katika kijiji cha Buhaya, mtunza daftari wa kikundi cha kuzikana anapomaliza kuhesabu michango, bado huisoma hesabu kwa sauti mbele ya wote, kisha hungoja kuona kama kuna mwenye swali. Chama cho chote, cha herufi kubwa au ndogo, kinaweza kupimwa kwa kungoja huko.